Mshauri wa Chumba Kidogo

Asubuhi hiyo lililoharibika lilikuwa jambo dogo, dogo kiasi kwamba mtu mwingine angelipita bila kuligeukia. Kwenye kalenda ya ofisi, kando ya jina la mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa, palikuwa na tiki ya kijani na neno moja: Amekubali.

Mama Kalenda alifuta miwani kwa ncha ya mtandio, akasogea karibu na kompyuta. Neno halikuondoka.

"Mitambo hii nayo," alisema kwa sauti, ingawa mapokezi hapakuwa na mtu wa kumsikia.

Jina lake la kweli watu walikuwa wamelisahau zamani. Walimwita Mama Kalenda kwa sababu yeye ndiye aliyegawa vyumba vya vikao, na vyumba vilikuwa vitatu tu: Chumba Kikubwa, Chumba cha Kati na Chumba Kidogo. Kabla yake watu walikuwa wanagombana mlangoni, huyu kapakata kompyuta, yule kaongozana na wageni wake, kila mmoja akiapa kwamba ndiye aliyetangulia. Yeye ndiye aliyewafundisha kalenda ya pamoja, mmoja mmoja, bila kumcheka aliyechelewa kuelewa. Unafungua, unatazama chumba kipi ki wazi, unaandika jina lako na majina ya unaowaalika. Mwaliko unawafikia, nao wanabonyeza Kubali au Kataa. Na nje ya kila chumba kuna kioo kidogo ukutani: kikiwa kijani ingia, kikiwa chekundu rudi ulikotoka.

"Hapa hata bosi anapiga hodi kwa Mama Kalenda kwanza," dereva wa ofisi alizoea kusema. "Mimi nikifa, naomba anibukie kaburi mapema, lisije likachukuliwa."

Watu walicheka, na Mama Kalenda alicheka nao. Alipenda kuaminiwa. Ndiyo maana hakumwambia mtu habari za Mshauri.

Nyumbani kwake alikuwa anamuuguza mama mkwe aliyepotewa na kumbukumbu. Mchana bibi huyo alilala vizuri kama mtoto. Giza likiingia alivaa viatu na kuanza kutafuta mlango wa nyumba aliyozaliwa, akagonga makabati, akavuta mapazia, akamwita mkwewe kwa jina la dada yake aliyekufa. Mume alikuwa mbali kikazi. Kwa hiyo Mama Kalenda hakulala, na siku moja alisinzia pale mapokezi mbele ya mgeni, mdomo wazi, mate yakimtoka. Mgeni alikohoa kwa adabu. Aibu ya kikohozi kile haikumtoka wiki nzima.

Basi akafanya alichofanya. Alijishikia Chumba Kidogo kila siku baada ya chakula cha mchana. Lakini bosi alikuwa ametoa amri kwamba hakuna kushika chumba bila kuandika mgeni, maana watu walikuwa wanajiwekea vyumba halafu hawaji. Mama Kalenda akatunga mgeni. Alimwita Mshauri wa Nje. Alimfungulia na anwani ya barua pepe, kwa kuwa mamlaka hayo alikuwa nayo, akaifunga kwa nywila aliyoibonyeza ovyo bila kuitazama. Kalenda ilipouliza kikao kitarudiwa mpaka lini, alichagua: bila mwisho.

Hakuna aliyeuliza. Katika ofisi ile mtu akiitwa mshauri watu hawaulizi anashauri nini, wanachomeka mashati tu. Na kila siku, kioo kikiwa chekundu, Mama Kalenda aliingia, akashusha pazia, akavuta kiti kimoja kando ili apate upenyo, akajilaza juu ya zulia chini ya meza. Usingizi ule ulikuwa mtamu. Alitoka na uso umetulia, akijiambia kwamba hajamwibia mtu.

Hilo la kutomwibia mtu aliliamini mpaka mhasibu mdogo aliporudi kutoka likizo ya uzazi.

Ofisi nzima ilimwita Mama Kichanga, ingawa mtoto wake sasa alikuwa ameanza kukaa. Alikuja mapokezi siku ya kwanza tu, amekumbatia mkoba mdogo, akazungumza kwa kunong'ona.

"Dada yangu, shikamoo. Nina shida ya aibu kidogo."

"Marahaba mdogo wangu. Aibu gani tena kati yetu?"

"Natafuta pa kukamulia maziwa. Mchana yananijaa mpaka yanauma. Nimeona Chumba Kidogo hakina dirisha la kwenye korido. Hata robo saa tu, baada ya chakula."

Mama Kalenda alitazama kalenda ingawa alijua kilichoandikwa. "Saa hizo kina mtu, mdogo wangu. Mshauri wa Nje. Ni kila siku."

"Hawezi kuhamia cha Kati?"

"Ni mambo ya juu hayo," alisema Mama Kalenda, na ulimi wake mwenyewe ukamshangaza kwa wepesi. "Wewe vumilia. Kikipatikana nitakwambia."

Mama Kichanga aliitikia kwa adabu. Tangu siku hiyo alikuwa anakamulia chooni, amekaa juu ya mfuniko, chupa kaishika kwa magoti, huku watu wakigonga na kuuliza kama mle ndani kuna mtu. Mama Kalenda alijua. Kila alipomwona akitoka huko amefunika chupa kwa karatasi, alitazama chini, akapanga kalamu zilizokuwa zimepangwa tayari.

Na sasa Mshauri alikuwa amekubali.

Mchana ule alisita mlangoni. Kioo kilikuwa chekundu kama kawaida. Aliingia, akashusha pazia, akaona kwamba kiti anachokivuta kila siku kimeshavutwa. Huenda ni mtu wa usafi, alijiambia. Aligusa kikalio. Kilikuwa na joto, joto la mtu aliyekaa muda mrefu akisubiri. Na chumba kilinuka maziwa, si maziwa mabichi wala ya kuchemka, bali maziwa yaliyoachwa kwenye nguo mpaka yakachacha.

Usingizi uliishinda hofu. Alijilaza chini ya meza, akafumba macho.

Alizinduka kwa sauti ya karatasi kufunuliwa. Moja. Halafu nyingine, taratibu, kama mtu anayesoma maandalizi ya kikao. Alifumbua macho na kutazama usawa wa zulia, na pale kilipokuwa kiti hakukuwa na viatu, hakukuwa na miguu, hakukuwa na kivuli, lakini magurudumu ya kiti yalikuwa yamezama ndani ya zulia kama yanavyozama mtu mzito akikaa, na alipokuwa bado anayatazama, akiomba moyoni yainuke, yalizama zaidi, kwa sababu yule aliyekaa alikuwa anainama ili atazame chini ya meza.

"Tuanze?" ilisema sauti. Ilikuwa sauti ya heshima, ya mtu aliyesoma.

Mama Kalenda alitoka kwa kutambaa, akaacha kiatu kimoja ndani.

Hakurudi tena chumbani mle. Jioni ile alifungua kalenda, akachagua kikao cha Mshauri, akakifuta chote, cha leo na cha siku zote zijazo. Kalenda ilimuuliza kama ana hakika. Akabonyeza ndiyo mpaka kidole kikauma.

Asubuhi kikao kilikuwa kimerudi. Kwenye nafasi ya mwenyeji, palipokuwa na jina lake, paliandikwa Mshauri wa Nje. Na kwenye nafasi ya mwalikwa palikuwa na jina la Mama Kalenda, na kando yake tiki ya kijani ambayo hakuiweka yeye.

Siku zilizofuata Mshauri alipanuka. Alishika Chumba Kidogo asubuhi, akakishika mpaka jioni, akaingia na Chumba cha Kati. Watu walikuja mapokezi wamekunja uso.

"Mama Kalenda, huyu mshauri wako anakula vyumba kama kumbikumbi," alisema dereva. "Kwani anashauri nini? Mimi sijawahi kumwendesha. Anakuja na ungo?"

"Fanya kazi yako, kaka," alisema Mama Kalenda. Hakucheka.

Bosi naye aliinama kwenye meza ya mapokezi akanong'ona. "Katumwa na bodi, eti?"

"Sijui, bosi."

"Usinifiche mama. Ngoja nikamsalimie, asije akasema sina adabu."

Alifunga kifungo cha koti, akaingia Chumba Kidogo. Alipotoka, jasho lilikuwa linamchuruzika masikioni na alikuwa anajifuta kiganja cha kulia kwenye suruali, tena na tena.

"Mtu wa maana sana," aliwaambia waliokuwa kwenye korido. "Tumeshikana mikono. Tumeelewana." Hakuna aliyemuuliza amefananaje, naye hakusema. Lakini Mama Kalenda aliona macho yake, akaelewa kwamba bosi hakuona mtu, na kwamba anaona haya kusema hivyo.

Kisha maziwa ya Mama Kichanga yakaanza kupotea kwenye friji ya jikoni. Aliweka chupa imejaa, akirudi anaikuta imefungwa vizuri, kavu, imetakata kama imelambwa. Siku ya tatu alisimama katikati ya ofisi machozi yakimlenga.

"Jamani, nani anatia maziwa yangu kwenye chai? Ni ya mtoto yale. Ni yangu mimi, ya mwilini."

Watu waliangalia vikombe vyao. Dereva aliweka chake chini, akaenda kusukutua mdomo.

"Na siku hizi hata hayatoki mengi," Mama Kichanga alimwambia Mama Kalenda pembeni, sauti imeshuka kabisa. "Mtoto anapungua, dada. Analia kama paka. Mkwe wangu ananitazama kama mama asiyefaa."

Mama Kalenda alimshika bega. Maneno yalimfika mpaka kwenye meno, akayameza.

Siku iliyofuata Mama Kichanga alikuja mbio, na kwa mara ya kwanza tangu arudi kazini alikuwa anatabasamu. Alimwonyesha simu.

"Dada, kumbe huyu mshauri ana utu! Soma. Amenipa Chumba Kidogo kesho baada ya chakula. Anasema nije na mtoto, ninyonyeshe kwa nafasi. Mimi nimeshakubali. Mdogo wangu ataniletea mtoto hapa."

Mama Kalenda alisoma. Ulikuwa mwaliko kama mialiko yote. Mahali: Chumba Kidogo. Waalikwa: Mama Kichanga. Mtoto. Na chini kabisa, pale panapoulizwa kikao kitakwisha lini, paliandikwa: bila mwisho.

Jioni hiyo hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipita kwa fundi cherehani mmoja, mwanamke wa makamo ambaye mchana alipunguza suruali na kubadilisha zipu, na ambaye watu waliosumbuliwa na majini walimwendea kwa mlango uleule, wakisubiri zamu pamoja na wenye magauni. Mama Kalenda alisubiri mpaka wateja wakaisha. Kisha akaeleza. Fundi alimsikiliza huku akifumua pindo la sketi.

"Ulimwita?" aliuliza fundi.

"Sikumwita mtu. Niliandika jina tu, dada. Jina la kutunga."

"Ukamwandikia mwaliko."

"Ndiyo."

"Kila siku."

"Ndiyo."

"Ukamwachia chumba kitupu, ukamvutia kiti, na mwenye shida akija unamwambia hapana, kuna mgeni." Fundi aliuma uzi, akaukata. "Mwenzangu, mimi nina ndugu wa damu ambao hawajawahi kukaribishwa hivyo."

Mama Kalenda aliinamisha kichwa. "Nipe dawa. Ya kufukiza, ya kunyunyiza, yoyote."

"Ya kufukiza ninayo. Utanukia vizuri, naye atabaki. Huyu hakuvunja mlango nikamtoe kwa nguvu. Amekaa juu ya uongo wako kama mtu anavyokaa juu ya mkeka. Uvute huo mkeka. Wale wote uliowadanganya kwa ajili yake wasikie, kwa mdomo wako, si kwa kuandika. Mwambie yule mama ulichomfanyia."

"Nitafukuzwa kazi."

"Huenda."

"Watanionaje?"

Fundi alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtoto anayeogopa sindano. "Watakuona ulivyo. Halafu watakwenda kula. Lakini usibakize kitu, unanisikia? Akiachiwa hata kipande cha kukanyagia, atasimama hapo."

Asubuhi Mama Kalenda alifika amejipanga kusema. Alimsubiri Mama Kichanga mlangoni. Alipomwona, akiwa amevaa blauzi nzuri kwa ajili ya kikao, moyo ulimyeyuka.

"Mdogo wangu, kile kikao kimeahirishwa. Mwambie mdogo wako asimlete mtoto."

"Haa! Kimeahirishwa?"

Simu ya Mama Kichanga ililia mkononi. Aliitazama, akacheka. "Hakijaahirishwa, dada. Mwenyewe kaandika sasa hivi. Anasema ananisubiri."

Mama Kalenda aliandika barua ya kueleza yote kwa ofisi nzima, akaifuta. Alikwenda hadi mlango wa bosi, akamkuta anazungumza na wageni, akashukuru kwamba ana wageni. Alijiambia atasema saa ya chai, chai ikapita. Akajiambia kabla ya chakula. Ndivyo ilivyo aibu: haimkatalii mtu kusema, inamwambia tu asubiri kidogo. Na alipokuwa bado anasubiri aliinua macho akaona Mama Kichanga anapita kwenye korido, mtoto begani, kichwa cha mtoto kikiyumba kwa udhaifu, na mlango wa Chumba Kidogo ukafunguka bila kitasa kuguswa, wakaingia, na kioo cha ukutani kikawa chekundu.

Aliruka kutoka kitini. Alivuta mlango. Haukutikisika hata kidogo, ulikuwa kama sehemu ya ukuta.

"Mama Kichanga! Toka!"

Alisikia kunyonya. Ilikuwa sauti ya kinywa kinachonyonya kwa pupa, kikimeza, kikipumua kwa pua, kikirudi tena, sauti nzito isiyoweza kutoka kwenye kinywa kidogo, na juu yake sauti ya Mama Kichanga ikisema kwa usingizi, "Bado tu una njaa? Haya, maliza, maliza baba." Watu walikuwa wameanza kukusanyika, dereva, bosi na wageni wake, wasichana wa hesabu na leso zao za chakula, na wote wakanyamaza pamoja kwa sababu wote walisikia jambo lile lile kwa wakati mmoja: kwamba huku kile kinywa kikiendelea kunyonya, mtoto alikuwa analia. Alikuwa analia kwa mbali, chini, mahali pengine ndani ya chumba kile.

"Nani anayenyonya?" aliuliza dereva kwa kunong'ona. "Jamani, nani anayenyonya?"

Bosi alipiga mlango kwa kiganja. "Mheshimiwa mshauri! Fungua tafadhali!"

"Leo mshauri hayupo," alisema Mama Kalenda. Mlango ulibaki vile vile. "Kuna kosa kwenye kalenda," alisema. Kunyonya kuliongezeka. Alitazama nyuso zile zilizomwamini, akatamani zulia limfunike, na kilio cha mtoto kikapungua kama redio inayokwisha betri, na hapo akapiga kelele kwa sauti ambayo hata yeye hakuwahi kuisikia ikitoka kwake.

"Hakuna mshauri! Hajawahi kuwepo! Nilimtunga mimi! Kile chumba nilikuwa nakishika kwa ajili yangu, nalala! Nalala chini ya meza kila siku, na Mama Kichanga nilimwambia hakuna nafasi, namwona anakamulia chooni, nanyamaza! Hakuna mtu mle ndani niliyemwalika! Hakuna mgeni! Ni mimi! Ni mimi tu!"

Kunyonya kukakoma.

Mlango ulifunguka taratibu. Mama Kichanga alikuwa amekaa kwenye kile kiti, blauzi imelowa, uso umekauka kama wa mtu aliyetoka kwenye homa. Mikono yake ilikuwa imekunjwa kifuani kama imembeba mtoto, na ndani yake hamkuwa na kitu. Mtoto alikuwa chini ya meza, kwenye zulia, mahali palepale alipozoea kulala Mama Kalenda.

"Nilidhani ni yeye," alisema Mama Kichanga. Alitazama mikono yake. "Nilidhani nambeba yeye."

Dereva aliingia kwa magoti, akamtoa mtoto, akampa mama yake. Mtoto alishika ziwa, akanyonya kwa sauti ndogo, sauti yake. Harufu ya uchachu ilitoka ikapita kati ya watu kuelekea korido, na kila mtu iliyempita alishusha macho. Kioo cha ukutani kikawa kijani.

Watu wote walikuwa wanamtazama Mama Kalenda, kisha wakawa hawamtazami. Msichana mmoja wa hesabu alisema polepole, "Chini ya meza?" Hakuna aliyecheka, na ingekuwa afadhali wangecheka.

Bosi alimwita ofisini kwake. Mama Kalenda alitarajia barua ya kufukuzwa. Lakini bosi alikaa muda mrefu akijifuta kiganja, bila kuinua uso.

"Mimi niliwaambia watu tumeshikana mikono," alisema mwishowe. "Jambo hili lisitoke humu ndani. Nenda kaendelee na kazi."

Akaendelea na kazi. Aliifuta anwani ya Mshauri, ikafutika. Alikifuta kikao, hakikurudi. Alifungua kalenda mbele ya wote, akaandika kwamba Chumba Kidogo, baada ya chakula cha mchana, ni cha Mama Kichanga. Siku ikajikokota. Wageni walikuja, aliwapokea, na kila sauti ya kicheko iliyotoka upande wa jikoni aliisikia kama inamhusu yeye.

Jioni watu walipokwisha kuondoka, Mama Kichanga alisimama mapokezi, mkoba begani, mtoto kiunoni. Mashavu ya mtoto yalikuwa yameanza kupata rangi.

"Dada."

"Mdogo wangu." Mama Kalenda alisimama, akashindwa ashike nini. "Sijui hata niseme nini. Nisamehe. Nisamehe sana."

"Nilikasirika," alisema Mama Kichanga. "Nimekaa pale hata hesabu zimenishinda. Halafu nikakumbuka una mgonjwa nyumbani. Hata mimi silali, najua kunakomfikisha mtu. Nimekusamehe."

Mama Kalenda alilia. Alilia kwa kujifunika mtandio, mabega yakimtikisika, na mwenzake akamgusa mkono.

"Kitu kimoja tu, dada, ili nilale vizuri. Ile wiki ya kwanza kuna siku choo kilikuwa kimeharibika. Nilikuja kugonga Chumba Kidogo. Niligonga sana. Nilisema, samahani, maziwa yananimwagikia, naomba dakika tano tu. Nililia pale mlangoni. Kumbe ulikuwa wewe ndani." Alitabasamu kidogo, kwa upole, kama mtu anayemwachia mwenzake mlango wazi apite. "Ulikuwa usingizini, sivyo? Hukunisikia."

Siku ile Mama Kalenda alikuwa macho. Alikuwa amesikia kila neno. Alikuwa amelala chali chini ya meza, mtandio ameubana mdomoni ili pumzi isitoke, akihesabu hodi na kuomba yule binti achoke aende. Na alipochoka akaenda, Mama Kalenda aligeukia upande wa pili, akalala.

Alimtazama yule mama mdogo, akatazama macho yale yaliyokwisha kumsamehe. Yalikuwa macho mazuri. Hakutaka yabadilike.

"Usingizini, mdogo wangu," alisema. "Sikusikia kitu."

"Nilijua tu," alisema Mama Kichanga, akashusha pumzi.

Mtoto, aliyekuwa ameegemea bega la mama yake, aliinua kichwa. Uso wake ulichanua. Alicheka kicheko cha kwanza ambacho ofisi ile iliwahi kukisikia kutoka kwake, akanyoosha mikono yote miwili mbele.

"Mwone!" mama yake alicheka pia. "Anataka umbebe, dada. Naye amekusamehe."

Mama Kalenda alinyoosha mikono ampokee, akasimama katikati ya kunyoosha. Mtoto hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anatazama juu ya kichwa chake, juu zaidi, mahali ambapo ungekuwa uso wa mtu mrefu aliyesimama nyuma ya kiti cha mapokezi, na nyuma ya kiti kile hapakuwa na kitu ila ukuta. Kisha macho ya mtoto yakaanza kushuka, taratibu, bila kuacha kucheka, na mikono yake ikapanuka, kama inavyopanuka mikono ya watoto pale mtu anapoinama kuwachukua.